Msumari wa Tano

Helmeti ikishatolewa kichwani mwa mtoto na Myrna Pidhirney haikurudi kichwani pale ila kwa barua ya daktari. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na kwa majira kumi na moja ya baridi hakuna aliyeivunja katika mji wa Halvard, hata yeye aliyeitunga. Myrna alikuwa mtu wa usalama wa timu ya hoki ya barafuni ya watoto wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne. Kazi hiyo haina mshahara. Ina sanduku la bendeji, fomu za njano, na mahali pa kusimama mwisho wa benchi, karibu na mlango mdogo wa kuingilia kwenye barafu.

Watu wa usalama wa timu nyingine humwambia mtoto aliyegongwa kichwa akae, kisha hugeuka kutazama mchezo. Myrna alijua kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu hakai. Ukigeuza shingo tu, ameshapita mlangoni. Ndiyo maana alichukua helmeti. Mtoto asiye na helmeti mwamuzi hamruhusu kukanyaga barafu, na mzazi anaweza kubisha mpaka koo likauke, helmeti iko kwa Myrna. Aliipeleka nyumbani kwake na kuitundika kwenye kibaraza cha mbele, kile kilichozibwa vioo ambapo watu huvulia mabuti, na kila apitaye Barabara ya Pili aliiona.

Kibarazani palikuwa na misumari mitano. Wa kwanza ulikuwa na helmeti ya mwanawe Lyle, namba kumi na saba, yenye ufa juu ya sikio la kushoto. Hiyo haikuteremshwa kamwe. Mitatu iliyofuata ilikuwa ya watoto wa watu. Msumari wa tano ulikaa mtupu. Mwaka mmoja watoto wanne waliumia ndani ya mwezi mmoja, na Myrna akabananisha helmeti mbili kwenye msumari wa nne kuliko kuugusa ule wa tano. Ule alikuwa amemwekea mtu wa nyumba ya Ostlund.

Watoto hawakumwogopa. Walimletea helmeti wenyewe. Katikati ya mchezo mtoto angeteleza mpaka benchi, afungue mkanda chini ya kidevu na kusema, "Bi Myrna, naona taa mbili pale penye moja," na kumkabidhi. Kati ya helmeti kumi na tisa alizowahi kutundika, saba zililetwa na wenye vichwa. Hakukuwa na mtu mwingine wa usalama wilaya nzima aliyeweza kusema hivyo. Walimletea kwa sababu walijua hachukui helmeti ya mtu bure.

Habari ya Lyle kila mtu mjini aliijua, ingawa ilikuwa imeanza kufifia. Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa na miaka kumi na minne, alisukumwa akaanguka na kichwa kikapiga mbao za ukingoni. Kocha wakati huo alikuwa Arvid Ostlund, muuzaji wa mashine za kuvunia, mtu mwenye sauti ya kufika hadi maegesho ya magari. Arvid alimpitishia chupa ya chumvi ya kunusa, ile kali ya kuzindulia watu, puani, akamwonyesha vidole vitatu. Lyle akasema viwili. Arvid akacheka, akasema hesabu haijawahi kuwa somo la kijana huyu, akampiga kofi juu ya helmeti. "Inuka! Unangoja kubebwa, bibi harusi wewe?" Lyle akainuka. Dakika nne baadaye aligongwa tena, kidogo tu, bega kwa bega, akaanguka kama gunia la ngano.

Sasa ana miaka thelathini na mitatu. Anaishi chumba cha chini cha nyumba ya mama yake, na dirisha lake limebandikwa karatasi ya kaki. Kila asubuhi hupanga rafu katika duka la vyakula kwa saa mbili, kabla taa kubwa hazijawashwa, kisha hurudi kulala. Hawezi kusoma ukurasa mzima. Baba yake alivumilia miaka mitatu, akahamia mkoa wa jirani. Arvid hakufika hospitali. Hakutuma hata kadi. Baada ya mwaka ule alichukua ubingwa mara mbili, na jina lake limeshonwa kwenye kitambaa kinachoning'inia juu ya goli la mashariki, palepale Myrna anapotazama kila anapoinua macho kutoka benchi.

Myrna aliisomea kazi ya usalama kwa sababu mbili. Moja aliwaambia watu.

Mwezi wa Oktoba, mwanzoni mwa majira yale ya kumi na moja, Arvid alirudi mikononi mwake. Mwana wa kiume wa Arvid alikuwa mgodini kaskazini, wiki tatu kazini na moja nyumbani, mke alishaondoka, na mtoto wao Torin alikuwa akilelewa na babu. Torin alikuwa na miaka kumi na minne na hakuna aliyeteleza barafuni kama yeye tangu uwanja ule ujengwe. Chama cha hoki kinadai kwamba kabla mtoto hajasajiliwa, mtu mmoja wa nyumba yake asome somo la mzazi mwenye heshima. Wengi hulisoma kwenye kompyuta. Wazee wasiopenda kompyuta Myrna huwakusanya katika ukumbi wa kanisa la Kiukreni, akawapa kahawa na pierogi, vile vitumbua vya Kiukreni vyenye viazi ndani, na kuwasomea mwenyewe.

"Sitamzomea mtoto wangu wala wa mwenzangu," alisoma. "Sitamlazimisha kucheza akiwa ameumia. Sitabishana na mwamuzi wala mtu wa usalama."

"Na kupumua je?" Arvid aliuliza kutoka nyuma. "Kunaruhusiwa, au kuna fomu yake?"

Watu wakacheka. Alikuwa na miaka sabini na moja na bado aliweza kuuchukua ukumbi mzima kwa maneno mawili.

"Enzi zetu ilikuwa chupa ya chumvi tu," aliendelea. "Unanusa, unapiga chafya, unarudi kazini. Na hakuna aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa," Myrna alirudia.

"Hata mmoja!"

Myrna alimkazia macho. Alingoja yale macho ya bluu yateleze pembeni, au shingo ipate rangi, au kikombe kitue mezani kwa haraka. Arvid alichukua pierogi ya nne. Mwishoni alitia sahihi na kumrudishia kalamu kwa adabu.

"Asante, Verna."

"Myrna."

"Myrna. Nisamehe. Majina yananikimbia siku hizi."

Myrna alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na sufuria tupu mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebeba chuki akidhani kwamba upande wa pili kuna mtu anayeijua, anayegeuza njia dukani, anayelala vibaya. Kumbe aliibeba peke yake. Yule mtu hakuwa akimkwepa. Alikuwa amemsahau. Siku ile Myrna aliufuta vumbi msumari wa tano kwa ncha ya aproni.

Alingoja mpaka Machi.

Nusu fainali ilichezwa Alhamisi jioni, watoto wakitoka shule moja kwa moja. Halvard walikuwa mbele kwa mabao manne kwa mawili. Fainali ingekuwa Jumamosi, hapohapo nyumbani, na wateuzi wa timu ya vijana ya mkoa walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kumtazama Torin Ostlund. Kipindi cha tatu, zikibaki dakika sita, Torin alimkimbilia mtu mwenye kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwa fimbo, akakosa hatua, akateleza kwa makalio mpaka ukingoni na kugonga mbao kwa nyayo. Aliinuka akicheka. Akaja benchi, akakaa kando ya Tamsin Weleschuk, na kwa mikono miwili akaisukuma helmeti juu ili jasho lisimwingie machoni.

Tamsin alikuwa beki, msichana pekee katika timu, mwenye miaka kumi na mitatu. Alikaa mwisho wa benchi, kiwiko chake kikigusana na cha Myrna. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa mmoja wa wale saba walioleta helmeti zao wenyewe.

"Uko sawa?" Myrna alimwuliza Torin.

"Nimeteleza tu, Bi Myrna. Barafu ina unyevu leo."

"Nani alifunga bao la mwisho?"

"Mimi."

"Nitajie miezi, kwa kurudi nyuma."

"Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti. Nikifika Julai ni siku yangu ya kuzaliwa. Utanipikia keki?"

Tamsin alicheka. Myrna naye alikaribia kucheka, na mkono wake ulikuwa umeshageukia mlango ili kumfungulia kijana. Alikuwa hana shaka naye hata kidogo.

Ndipo sauti ikashuka kutoka safu ya juu, ileile, haijazeeka.

"Torin! Inuka! Unangoja kubebwa, bibi harusi wewe?"

Myrna akafunga mlango. Akanyoosha mkono.

"Nipe helmeti."

"Nini?"

"Umenisikia."

"Bi Myrna, sikugonga hata kichwa!"

"Nipe."

Kocha Reg aligeuka, akaona mkono ulionyooshwa, akarudi kutazama mchezo. Majira kumi na moja yalikuwa yamemfundisha asibishane na mkono ule. Torin alifungua mkanda, akampa.

Myrna akatoa fomu ya njano na kuijaza juu ya goti. *Alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliyumba.* La kwanza lilikuwa kweli iliyopindwa. La pili lilikuwa uongo mtupu, uongo wake wa kwanza katika kazi ile, na mkono wake uliuandika kwa hati nzuri.

Tamsin alikuwa ameisoma fomu pembeni.

"Bi Myrna, hakuyumba."

"Tazama mchezo, mpenzi."

Myrna alifika nyumbani Lyle akiwa jikoni na miwani yake myeusi, akikaanga vitunguu vya chakula cha jioni. Alisikia helmeti ikigota msumarini, akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Umetundika kwenye wa tano," alisema. "Ya nani?"

"Ya mjukuu wa Ostlund."

Lyle aliitazama kwa muda. "Alitapika?"

"Hapana."

"Aliona viwili viwili?"

"Nilishuku."

"Mama."

"Kanuni inasema ukishuku, mtoe."

"Najua kanuni inasemaje, nimekusikia ukiisoma mara mia. Nakuuliza wewe. Ulishuku kweli?"

Myrna alivua buti moja, kisha la pili, akayapanga sawasawa kwenye trei. "Babu yake alisema maneno yaleyale. Neno kwa neno, Lyle. Mbele yangu."

"Kwa hiyo umemchukulia mtoto."

"Na yeye alichukua mtoto wa nani?"

"Mimi sikukutuma."

"Hukuhitaji kunituma."

"Basi usiseme ni kwa ajili yangu." Alirudi kwenye vitunguu vyake. Mezani Myrna alikula vizuri; miaka mingi ilikuwa imepita tangu chakula kimpendeze hivyo.

Ijumaa Arvid alimpeleka Torin kwa daktari mjini, saa mbili na nusu kwa gari. Daktari alimpima kijana na hakuona kitu. Lakini alisoma fomu. Mtu aliyekuwepo ameandika kwamba mgonjwa aliyumba, alisema, na siwezi kuandika kwamba hakuyumba wakati mimi sikuwepo. Apumzike wiki moja. Akitaka kucheza kesho, aliyeandika arekebishe.

Saa kumi jioni Arvid alisimama nje ya kibaraza, baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Myrna alifungua mlango wa nje upana wa kiganja na kumwacha palepale ngazini.

"Myrna," alisema. Safari hii jina hakukosea. "Naomba unisikilize dakika moja."

"Nasikia."

"Kijana mzima. Daktari mwenyewe amesema. Amebakiza neno lako tu. Ukisema labda uliona vibaya, taa zile, msongamano..."

"Sikuona vibaya."

"Wateuzi wanakuja kesho. Unajua hawa hawaji mara mbili Halvard. Baba yake yuko shimoni, mama yake hajulikani alipo, hoki ndiyo kitu pekee alichonacho mtoto yule. Kama nina kosa na wewe, unilipizie mimi."

"Ulitia sahihi hutabishana na mtu wa usalama."

"Sibishani. Nakuomba." Ndevu zake zilikuwa zimeshika barafu. "Nimekukosea nini?"

"Unamkumbuka Lyle?"

"Lyle yupi?"

Mlango wa ndani ulifunguliwa nyuma yake na Lyle akatokea, mkono mmoja juu ya miwani kuukinga mwanga wa theluji.

"Namba kumi na saba, Kocha," alisema. "Nilisema viwili. Vilikuwa vitatu."

Arvid alimtazama, akatazama helmeti yenye ufa kwenye msumari wa kwanza, akarudi kumtazama. Alivua kofia katika baridi ile. Na Myrna aliona, hatimaye, yale macho ya bluu yakiteleza pembeni. Aliyanywa kama maji.

"Nilidhani mlihama," Arvid alisema. "Nilisikia baba yako amehama, nikadhani nyote."

"Mitaa minne kutoka kwako," Myrna alisema. "Miaka kumi na tisa."

"Niambie nifanye nini."

"Sema. Si hapa ngazini. Kesho, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote. Sema ulichofanya na jina la uliyemfanyia."

"Nikisema, utarekebisha fomu?"

"Sema kwanza."

Alipokuwa akifunga mlango Lyle alisema, "Utamrudishia, sivyo?" Myrna alisema chai itapoa.

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakasimama nyuma ya vioo. Baada ya wimbo wa taifa Arvid Ostlund alishuka ngazi taratibu, akaenda kwenye meza ya mtunza saa, akashika kipaza sauti. Wengi walidhani anatangaza bahati nasibu.

"Miaka kumi na tisa iliyopita," alisema, "kijana anaitwa Lyle Pidhirney aligongwa kichwa kwenye barafu hii. Hakuweza kuhesabu vidole vyangu. Nilimcheka, nikamrudisha mchezoni. Aliumizwa hapo na hajapona. Sikwenda kumwona. Nilisahau jina lake. Kitambaa kile chenye jina langu, naomba kiteremshwe. Ni hilo tu."

Mama mmoja alikuwa akilia. Torin, aliyekuwa nyuma ya benchi na jaketi lake la shule, alimtazama babu yake, kisha akamgeukia Myrna, na usoni mwake kulikuwa na matumaini. Ukumbi mzima ukageuka naye. Mfuko wenye helmeti ulikuwa miguuni pa Myrna. Alikuwa amekuja nao.

Kocha Reg alisema kwa sauti ya chini, "Haya, Myrna. Amesema. Mpe mtoto."

"Barua ya daktari iko wapi?"

"Acha mchezo."

"Kanuni ni kanuni, Reg."

Alisema kwa sauti ya kutosha Arvid aisikie kutoka mezani. Mzee alisimama na kipaza sauti mkononi, akielewa taratibu kwamba ametoa alichoombwa na hatapewa kitu. Myrna aliitazama sura ile bila haraka. Ilikuwa tamu. Baadaye, alipokuwa akihojiwa na chama, hakukana hilo: kwa dakika ile moja ilikuwa tamu kuliko chochote alichowahi kuonja.

Kisha minong'ono ikaanza juu, na mtu akazomea, na wa pili. Mchezo ukaanza. Wateuzi waliondoka kipindi cha kwanza kilipoisha.

Kipindi cha pili Tamsin Weleschuk alikuwa akirudi kuchukua kisahani kwenye kona. Mchezaji wa upande wa pili alimfikia kutoka nyuma, na kichwa cha Tamsin kilikwenda mbele kikapiga kioo. Sauti ya kishindo kile Myrna aliijua. Alikuwa ameisikia miaka kumi na tisa nyuma na aliisikia kila siku tangu hapo. Tamsin aliinuka, akaja benchi, akakaa mahali pake, kiwiko kando ya kiwiko. Aliweka mikono yote miwili juu ya mapaja na kuibana pale.

"Tamsin. Nitazame."

"Niko sawa."

"Nani alifunga la mwisho?"

"Wao."

La mwisho walikuwa wamefunga Halvard. Jicho moja la mtoto lilikuwa likichelewa kufuata jingine.

"Mpenzi, nipe helmeti."

Tamsin akaishika kwa nguvu, kisha, kana kwamba amekumbuka kitu, akaitoa mikono yake kichwani haraka na kuirudisha mapajani. "Sijaishika. Umeona? Sijashika kichwa. Usiandike nimeshika."

"Sitaandika kitu. Nipe tu."

"Torin hakuwa na kitu na ukaichukua! Nilikuwepo! Ukasema aliyumba na hakuyumba!"

Kelele zile zilifika juu. Charlene Weleschuk, mama yake, ambaye mwaka uliopita alikuwa amempelekea Myrna mkate wa asante, alikuwa ameegemea kizuizi.

"Mwache mtoto wangu, Myrna! Umeshatuibia mmoja!"

"Charlene, kapiga kioo, mimi nimesikia..."

"Huyu naye babu yake alikufanya nini?"

Watu wakapiga miguu sakafuni. "Mwache acheze! Mwache acheze!" Kocha Reg alikuja mpaka mwisho wa benchi, akasimama kati ya mkono wa Myrna na mtoto.

"Kaa chini."

"Reg, huyu ni kweli. Nakuapia, huyu ni kweli."

"Alhamisi pia ilikuwa kweli," Reg alisema. "Kaa chini, Myrna."

Wakati wowote mwingine angempita. Angeuweka mkono wake mbele ya mlango mdogo na kuuacha hapo hata wamvunje. Lakini ili apite ingembidi aseme mbele ya ukumbi kwamba fomu ya Alhamisi ilikuwa uongo, ili wamwamini ya leo. Na Arvid alikuwa bado amesimama karibu na meza ya saa, akimtazama. Myrna alimtazama Arvid. Akakaa.

Tamsin alirudi kwenye barafu. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka kufuata kisahani na miguu ikampotea, na kichwa kikatangulia.

Kelele za miguu zilikoma safu kwa safu. Myrna alikuwa wa kwanza kufika, magoti kwenye barafu, mikono miwili ikikishikilia kichwa kisigeuke. Mtoto alikuwa akilia kwamba taa zinamchoma. Mtu alipiga magoti upande wa pili na kuweka kofia ya manyoya juu ya macho yake, kuyakinga. Alikuwa Arvid. Walikaa hivyo, mzee na mwanamke, bila kutazamana, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Chama kilimwita Myrna mwezi wa Aprili, akaeleza yote, na fomu ya Alhamisi ikasomwa. Aliondolewa kazini kwa maisha yake yote. Hakuomba apunguziwe.

Torin Ostlund hakupoteza kitu. Wateuzi walirudi msimu uliofuata wakamchukua. Kitambaa cha babu yake kimeteremshwa, na Arvid huja Barabara ya Pili kila Jumapili kumwondolea Lyle theluji njiani. Lyle humtolea kahawa, na Myrna hukaa jikoni.

Tamsin Weleschuk alipoteza mwaka wa shule na harufu ya vitu vyote, na bado hawezi kukaa chumba chenye taa kwa zaidi ya saa moja. Dirisha la chumba chake limebandikwa karatasi ya kaki. Lyle ndiye aliyekwenda kuwaonyesha jinsi ya kuibandika isiachie nafasi pembeni. Timu ya Halvard ina mtu mpya wa usalama, kijana mwangalifu, mwenye fomu zilezile na kanuni ileile, na katika misimu miwili hakuna mtoto hata mmoja aliyemletea helmeti.